Pigo la Nne Linachelewa

Kasereka, siku ile ya kuniaga uliniuliza swali, na kabla sijafungua mdomo wakaleta keki, kisha mkurugenzi akasimama kuhutubia. Hotuba za mkurugenzi unazijua. Ilipokwisha, hata mimi nilikuwa nimelisahau swali lenyewe. Basi nakujibu hapa kwa maandishi, wewe na wenzako wa studio, msome mkipata nafasi kati ya simu zenu mbili mbili.

Uliichukua ile kaseti ya gitaa tunayoiweka chini ya komunike, yale matangazo ya watu ya saa sita, ukaisafisha kwenye kompyuta, ukaondoa mikwaruzo yote. Hapo nakushukuru. Halafu ukaona pigo la nne linachelewa, kila mzunguko, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuwa mashine yako ina kitufe cha kunyoosha mapigo, ukalinyoosha. Nikakuambia ulirudishe lilivyokuwa. Ukaniuliza: "Mais Mama Masika, kosa si ni kosa?"

Jibu lake ni refu, na linaanza siku yangu ya kwanza ya kazi.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo nilipata viwili, na cha pili nilikipata kwa sababu mwenyewe alihamia Kampala bila kuaga. Mishahara tuliachiana na Mungu. Masista walinifundisha Kiswahili cha kitabuni, nacho ndicho ninachoandikia, ila watu nitawaacha waseme walivyosema hapa kwetu Butembo.

Nilianza kazi wakati vita ya kwanza imekwisha na ya pili haijaanza, kipindi kifupi ambacho sisi tulikiita amani. Redio yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya kilima, antena moja, na fundi mmoja, Papa Kakule. Ujana wake alipiga gitaa katika orkestra ya baa moja ya Beni, mpaka mlango wa lori ukamponda kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kidole kilipona, lakini kilibaki kimepinda kama msumari uliong'olewa ubaoni. Orkestra ikampa pole, ikatafuta mpiga gitaa mwingine. Yeye akajifunza kutengeneza redio.

Diploma yangu ya umeme hakuiangalia. Niliibeba kwenye bahasha kubwa, nikaishika asubuhi nzima. Alinikalisha juu ya kreti ya bia, akanivika kaske masikioni, akaweka kaseti.

Ile kaseti ilikuwa na historia yake. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Muhindo, alikuwa akienda Dubai kununua vitenge na vipuri vya magari. Safari moja alirudi na katoni ya kaseti akidhani ni rumba. Hakuna aliyenunua hata moja, akailetea redio zawadi, jambo ambalo watu hufanya na vitu visivyouzika. Juu ya karatasi kulikuwa kumeandikwa progressive trance. Kiingereza hatukukijua sote wawili. Papa Kakule alisema hilo neno lazima ni la Kifaransa limekosewa, transe, kile kinachowapata watu kwenye vyumba vya maombi.

Kaseti ikaanza. Du, du, du, du. Ngoma moja ya chini, sawasawa, kama mtu anayetwanga bila haraka. Chini yake besi ikizunguka palepale. Hakuna mwimbaji. Hakuna mahali pa kupiga makofi. Nusu saa nzima. Iliponyamaza, Papa Kakule akanivua kaske.

"Umesikia imegeuka mara ngapi?"

"Hata mara moya, Papa."

"Basi. Kesho tena."

Kesho yake nilisikia tatu. Siku ya nne nikasikia saba. Mwisho wa juma nilikuwa nimefika kumi na moja, nikajiona mkubwa, naye akaniambia ziko zaidi ya makumi mawili na kwamba nyingine hata yeye bado anazitafuta. Kuna sauti nyembamba inayoingia polepole mno hata hujui imeingia lini, unashtukia tu iko. Kuna besi inayoacha noti moja, halafu inairudisha baada ya muda mrefu, na wewe unafurahi bila kujua umerudishiwa nini. Huo ndio muziki wenyewe. Mwendo hautoki mahali pake, na migeuko inapita juu yake kwa adabu.

Nilikuwa sijui bado kwamba ule mwendo ni chombo cha kazi kama bisibisi. Nikaja kujua kwa groupe, jenereta yetu. Mazutu, yaani dizeli, ikikaribia kwisha, umeme unalegea na mashine ya kaseti inaanza kuvuta miguu. Kwenye rumba hutambui, kwa maana wanamuziki wenyewe wanakimbia na kurudi wanavyotaka. Kwenye ule mwendo unalisikia pigo likinenepa kabla hata taa haijafifia. Nilizoea kuinuka na bidoni ya mazutu mkononi, wageni wakadhani nina ndoto. Kichwa cha mashine tulikisafisha kwa pamba na kanyanga, na Papa Kakule alilalamika kwamba kichwa kile kinakunywa kuliko yeye.

Halafu vita ya pili ikaja, na komunike zikawa nyingi kuliko habari. Kabla ya hapo zilikuwa za mbuzi waliopotea na harusi zilizoahirishwa. Sasa zilikuwa za watu. Fulani yuko Kayna kwa shangazi yake, ni mzima. Fulani, watoto wako wako parokiani. Fulani, usipite barabara kubwa. Orodha ilijaza nusu saa, kila siku baada ya kengele ya saa sita ya kanisa.

Na betri hazikuwepo. Watu waliokimbilia mashambani na porini walianika betri zao juani kama muhogo, wapate dakika chache za kusikiliza. Nusu saa nzima hakuna aliyeiweza. Papa Kakule alilifikiria jambo hilo juma zima, halafu akaja na utaratibu ambao sijauona redio nyingine yoyote.

Ile kaseti ya Muhindo iliwekwa chini ya komunike, hiyohiyo, kila siku. Mwanzo ni ngoma na besi tu: hapo tulisoma za Kayna na Lubero. Baadaye kinaingia mchakacho, kama mchele kwenye kopo: hapo za Butembo. Halafu ngoma inatoka, kila kitu kinabaki hewani muda kidogo, kisha ngoma inarudi pamoja na kengele ndogo, ting, ting: hapo za Beni, Mavivi na Kasindi. Mtu aliye porini alifungua redio, akaonja sekunde moja. Ndivyo tulivyosema, kuonja. Akisikia mchakacho na yeye ni wa Beni, alifunga, akangoja. Akionja tena akakuta kengele, aliiacha. Betri zilizokuwa za siku mbili zikafika juma.

Pale ngoma inapotoka alinikataza kusoma. "Acha batu bapumue," alisema. Nikaacha.

Wakati huo tulikuwa tumebaki wawili kazini. Mtangazaji alikuwa ameenda kuwaona wazazi wake, na wazazi wake wakawa mbali sana. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasoma na kubonyeza, na nasema kweli, ule mwendo ulinichosha. Miezi na miezi, du, du, du, du. Niliuota.

"Papa, leo tugeuze kidogo. Huu muziki unachokesha."

"Unachokesha weye, unaikala hapa na chai. Ule eko mu pori haumuchokeshe. Anafungula, anaonja, anafunga. Ukigeuza mwendo, atajua namna gani kama ni siye?"

"Atasikia sauti yangu."

"Sauti hata mutu mwenye bamemuwekea bunduki kwa kichwa anaweza kuitoa. Mwendo njo unamwambia kama tungali hapa kwa amani. Hapana geuza kintu, Masika."

Sikugeuza. Lakini sikumwelewa, na hilo ni tofauti.

Sasa nikuambie habari za mke wake, Mama Soki. Walioana Beni, enzi za ile baa. Nyumbani kwao gitaa lilitundikwa sebuleni, na jioni moja moja alilishusha. Kidole kile kilichopinda kilikuwa na kazi ya kukaza uzi kwenye pigo la nne, na kila mara kilifika baada ya wenzake. Kila mara. Mama Soki, akiwa jikoni anasonga fufu, alikuwa anapaza sauti: "Umechelewa!"

"Kidole njo kimechelewa!" anajibu. "Miye nilifika zamani!"

Niliyasikia maneno hayo kila nilipokula kwao, wakayacheka kila mara kama mapya. Nilikuwa msichana, nilidhani ndoa zote ndivyo zilivyo.

Mama Soki alikwenda Mavivi dada yake alipojifungua, akae naye mpaka apate nguvu. Alipokuwa huko, mapigano yakaifunga barabara ya Beni. Juma likapita, na la pili. Tukasikia kwamba watu wa upande ule wameingia mashambani, ng'ambo ya uwanja wa ndege, na kwamba mashambani napo si salama. Papa Kakule alikuwa anaandika komunike kila asubuhi kwa mkono wake, ya mwisho kabisa kwenye orodha, baada ya za watu wote. "Soki, mume wako yuko Butembo, ni mzima, anakungoja." Ananipa karatasi bila kuniangalia. Alikonda, sharubu zikabaki kubwa kuliko uso.

Halafu Muhindo akapata ruhusa ya safari moja. Mzigo wake ulikuwa umeshushwa na ndege Mavivi, na mkubwa mmoja wa askari alimruhusu aende kuuchukua kwa lori, Alhamisi asubuhi, na kurudi. Akaja kilimani kumwambia Papa Kakule: watu wakitokea pale kando ya uwanja, nitawabeba wote. Ndiyo, Kasereka, mtu huyuhuyu aliyekosea kununua kaseti.

Jumatano ile Papa Kakule alikuwa kitandani na malaria. Alinitumia karatasi iliyolowa jasho. "Watu wa Mavivi mlio mashambani, lori la Muhindo litapita kando ya uwanja wa ndege kesho Alhamisi asubuhi. Tokeni bila woga. Soki, njoo."

Nilikuwa peke yangu studio, na nilikuwa na kaseti nyingine ya katoni ileile, niliyokuwa nikiisikiliza kwa siri asubuhi. Hiyo ilikuwa nzuri, we! Ilikuwa na vinanda, na sauti ya mwanamke asiyesema neno, na ilikuwa inageuka kila mara, hujakaa sawa imeshakuhamisha. Nikajiambia: leo ni siku ya habari njema, niwape watu muziki wa habari njema. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, mkubwa wangu hayupo, na nilitaka siku moja redio iwe yangu.

Niliiweka. Nikasoma tangazo la Mavivi mara tatu, polepole, kwa sauti nzuri. Hata leo najua nilisoma vizuri.

Alhamisi alasiri lori lilirudi na magurudumu, magunia ya chumvi, na hakuna mtu. Muhindo alishuka akiwa amevua kofia.

"Nilipiga klaksoni mpaka askari bakanifukuza," alisema. "Hakuna hata mutu moya alitoka."

Tulikuwa tumesimama chumbani kwa Papa Kakule. Akageuza kichwa kwenye mto, akaniuliza, taratibu kabisa:

"Masika. Uliweka mwendo gani?"

Nikamwambia. Nilitaka anitukane. Angenipiga kofi ningelala usiku ule. Aliomba maji tu, nikamshikia kikombe, akanywa, akasema, "Aksanti, mwanangu." Nikatoka nje nikalia nikiwa nimeushika ukuta wa nyumba yake, na mama yangu aliponiona naingia nyumbani alidhani kuna msiba. Nami nilidhani hivyohivyo.

Ijumaa niliirudisha kaseti ya zamani. Jumamosi, saa tano asubuhi, askari wakapanda kilima. Sitaandika walikuwa wa upande gani, wakati ule kila kukicha walikuwa na jina jipya. Walibeba mashine ya kaseti, kaseti zote, kaske, na kreti yangu ya bia. Mtambo wa kurushia waliuacha, walidhani ni friji iliyokufa. Mikro, kile kipaza sauti, niliizamisha kwenye beseni la maharagi niliyokuwa nachambua, nikaendelea kuchambua. Hata maharagi mabovu niliyaacha ndani.

Tukabaki na mtambo, mikro, na sauti yangu. Nilisoma komunike siku kadhaa bila chochote chini yake, na watu wakaanza kupanda kilima kulalamika. Mama mmoja alitoka mbali, miguu imejaa udongo, akaniambia: "Binti, tunafungula tunasikia mutu anaongea, hatujue eko ku Kayna ao ku Beni, tunafunga. Betri inaisha bure." Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama mbele ya yule mama, kile ambacho Papa Kakule alikuwa ananiambia miezi yote ile. Nilichelewa kuliko kidole chake.

Siku iliyofuata Papa Kakule aliingia studio mwenyewe, anaegemea fimbo, gitaa mgongoni. Nyuzi tatu zilikuwa za kweli. Nyingine alikuwa amezichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli.

"Dakika makumi tatu," alisema. "Miye niko mwendo. Weye uko migeuko. Leta kopo na muchele, na chupa ya bia yenye haina kintu."

"Papa, dakika makumi tatu, na ile homa?"

"Ngoma ikitoka, njo nitapumuzika. Ona namna bale batu ba Dubai balitufikiria."

Akaweka kiganja cha kulia juu ya nyuzi kuzinyamazisha, akaanza kuzidunda, vidole vya kushoto vikikaza uzi kwa zamu. Du, du, du, du. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Mtu aliyewachezesha watu Beni yote, anakaa anapiga kitu kimoja, kimoja tu, jasho linamtiririka, bila kujipamba hata mara moja. Nilisoma za Kayna na Lubero. Nikatikisa kopo, nikasoma za Butembo. Ngoma ikatoka, akaukung'uta mkono wake, mimi nikanyamaza. Ngoma ikarudi, nikagonga chupa kwa kijiko, ting, ting, nikasoma za Beni na Mavivi. Na ya mwisho: "Soki, mume wako yuko Butembo, ni mzima, anakungoja."

Na pigo la nne lilichelewa. Kila mzunguko. Du, du, du, kisha kitambo kidogo, du. Mimi niliyefundishwa naye kusikia pigo likinenepa, ningekosaje kusikia? Baadaye nikamwambia kwa woga: "Papa, la ine linachelewa. Batu batazani groupe inakufa."

Alikitazama kidole. "Najua. Nimekiomba zamani, kinakatala. Batazoea."

Tukaenda hivyo siku baada ya siku. Alipiga akiwa na homa na bila homa. Ngozi ya vidole ilichanika kwa waya wa breki, nikamfunga vitambaa. Alisema vitambaa vinafanya mwendo uwe mlaini zaidi, karibu na ule wa kaseti. Kuna siku nilipofika kwenye jina la Soki nilisikia mkono wake unasita, kidogo sana, halafu ukaendelea. Nilitaka kuomba msamaha kila siku. Kila siku nilishika kopo la mchele badala yake.

Siku ya kumi na mbili, kengele za chupa zilikuwa zimeanza, nasoma za Beni. Mlango wa studio hatukuwa tunaufunga tena, kitasa kiliondoka na askari. Nikaona mwanga umepungua kwenye karatasi. Nikainua macho. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Soki, kitenge kimechanika mpaka gotini, miguu imevimba, na mtoto mchanga wa dada yake mgongoni. Nyuma yake uani kulikuwa na wanawake wengine, na dada yake mwenyewe, na mume wa dada yake ameshika redio ndogo iliyofungwa kwa mpira.

Papa Kakule alimwona. Nami nilimwona akimwona. Machozi yakaanza kumtoka, yakapita kwenye sharubu, yakadondokea mbao za gitaa. Lakini mkono haukusimama. Kulikuwa na majina saba bado kwenye orodha, na watu wake walikuwa mahali fulani wanaonja. Akanipa ishara kwa kidevu: soma. Nikasoma, sijui nilisomaje. Du, du, du, du. Nikalisoma jina la mwisho, na baada yake, karatasi ilikuwa bado imeandikwa "Soki". Nikaiweka karatasi chini, mikro iko wazi.

Mama Soki alikuwa amesogea mpaka karibu na kiti cha mumewe. Akasikiliza mizunguko miwili, kichwa kimeinama. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya jikoni, na Butembo nzima, na Lubero, na Beni wakamsikia:

"Umechelewa."

Hapo ndipo mkono wa Papa Kakule uliposimama. Nilizima mtambo dakika tano kabla ya wakati. Ni mara moja tu katika kazi yangu yote.

Baadaye, tukiwa tunakanda miguu yao kwa maji ya moto, Mama Soki alitueleza. Jumatano ile walikuwa mashambani, watu wengi na redio moja. Walionja, wakakuta vinanda na mwanamke analia. Shemeji yake akasema: redio imekamatwa. Wakasikia sauti yangu inawaita watoke kando ya uwanja wa ndege, bila woga, mara tatu. "Tukasema, masikini Masika, bamemushikia bunduki," alisema. Lori lilipopiga klaksoni walilisikia. Walikimbia kuelekea porini zaidi, na yeye alikimbia akijua mume wake ameuawa. Alisema hivyo akiniangalia, bila hasira. Niliinamia beseni. Akaniwekea mkono wenye maji juu ya kichwa, akauacha pale.

"Na mbona mulitoka?" Papa Kakule akauliza.

"Shemeji anaonjaka kila siku. Siku moya anasema: kuko mutu anapiga gitare ku radio, ni askari, ni mutego. Nikamuambia leta. Nikasikia. Nikabaambia: huyu ni bwana yangu, eko muzima, twende."

"Gitare kila mutu anaweza kupiga."

"Njo vile bo balisema. Nikabaambia, kupiga ndiyo. Kuchelewa vile, eko moya tu."

Papa Kakule alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa uzee, kifo ambacho hapa kwetu tunapaswa kukipigia makofi. Kaseti unayoijua tuliirekodi Muhindo alipotununulia mashine mpya. Mzee alipiga mara moja, nusu saa, hakukubali kurudia. Nilimwambia ajaribu kuliwahisha la nne kidogo. Alisema hapana, Soki hataijua.

Kwa hiyo, wenzangu wa studio, swali ni zuri na nimelifikiria miaka mingi. Mwendo lazima ushikwe. Msiwachezee watu mwendo wao kwa sababu ninyi mmechoka, nilifanya mimi na nimewaambia kilichotokea. Migeuko iwe michache na ije mahali pake. Ila kuna kitu cha tatu ambacho kaseti ya Dubai haikuwa nacho, nacho sikijui jina. Ndicho ulichokinyoosha.

Kasereka, Alhamisi ile uliporusha yako iliyonyooka, kabla sijakuambia ulirudishe pigo, saa sita na dakika tano simu yangu ililia. Ni Mama Soki. Macho yamemwisha, redio iko juu ya mto wa kulalia, pale anapolaza sikio. Hakunisalimia.

"Masika, nani amekamata radio?"

"Hakuna, Mama. Ni Kasereka, fundi wetu mupya. Alitaka kutengeneza."

Nilisikia gitaa likipita nyuma yake, safi, sawasawa, halichelewi popote.

"Ambia ule mutoto anirudishie muzee wangu," akasema, akakata simu.